Sura ya Sita: Wakala wa Kasindi Ndani ya Kisanduku

Mfanyabiashara wa Butembo anayengoja kontena kutoka Guangzhou au Dubai halazimiki kwenda mwenyewe mpakani kusimama mbele ya maofisa wa forodha. Kontena hupandishwa kutoka Mombasa, hupita Kampala, hufika Mpondwe upande wa Uganda, na likivuka kuingia Kasindi linamkuta wakala. Wakala huyo ndiye anayewasilisha karatasi, kulipa na kutia saini kwa niaba ya mwenye mali, kisha mzigo unaendelea kupitia Beni hadi Butembo. Wenye mitaji midogo wana njia yao: hukusanya mizigo katika kontena moja, wakachanga nauli, na mwisho wa safari kila mmoja akachukua marobota yake. Timothy Raeymaekers, aliyechapisha mwaka 2014 kitabu kizima juu ya wafanyabiashara wa mji huu, alieleza jinsi walivyojiwekea taratibu za kuvuka mpaka katika miaka ambayo dola ilikuwa dhaifu. Naanza na habari za kontena kwa sababu anayeelewa kazi ya wakala wa Kasindi, na faida ya kuchangia kontena, amekwisha kuelewa nusu ya sura hii hata kama hajawahi kugusa seva.

Seva ya proksi ni wakala wa namna hiyo, ila mzigo wake ni kurasa za wavuti. Kompyuta iliyo ofisini haiendi yenyewe kwenye tovuti. Inamtuma proksi, naye anatoka, anaomba, anapokea na kurudi na kilichoagizwa. Tovuti ya mbali inamwona wakala tu. Wazo hili lina umri unaokaribia ule wa wavuti wenyewe. Tim Berners-Lee aliuanzisha wavuti katika kituo cha CERN mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia 1994 programu ya seva ya CERN ilikuwa tayari inaweza kufanya kazi ya proksi, ili watu waliofungiwa nyuma ya vizuizi vya mitandao ya taasisi zao wapate njia ya kutoka. Ninachodai katika kurasa hizi ni kwamba katika miji kama Butembo na Beni proksi nyepesi bado ina kazi kubwa, lakini kazi hiyo imegeuka. Zamani iliwekwa kwa ajili ya kasi. Leo inafaa kwa sababu inawakalisha chini watu wanaochangia laini moja waamue laini hiyo ni ya nini, halafu inayashika maamuzi yao hata saa ambayo hakuna anayeangalia.

Kwa nini uamuzi huo ni wa lazima? Tazama jinsi intaneti inavyonunuliwa. Ofisi nyingi ndogo, shule na vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi hununua mega kwa Vodacom, Airtel au Orange, na mega zikiisha kazi inasimama. Mwaka 2018 tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba ifikapo 2025 bei ya huduma ya msingi isizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa mbali kabisa na lengo hilo. Wakati huohuo kurasa zinanenepa. Mradi wa HTTP Archive, unaopima uzito wa kurasa duniani, ulikuta mwishoni mwa 2010 kwamba ukurasa wa kawaida haukufika nusu megabaiti. Kufikia 2024 ulikuwa umepita megabaiti 2. Na sehemu kubwa ya kinachoshuka hakuna aliyekiomba. Ni sasisho za programu zinazojiendesha, picha za simu zinazojipeleka kwenye hifadhi ya mbali, video inayoanza kucheza yenyewe, matangazo ya bidhaa ambazo haziuzwi hapa. Wakongo wanaujua uchungu wa salio linaloyeyuka. Mwaka 2020 serikali ilipoanza kukata kodi iliyoitwa RAM moja kwa moja kwenye salio la simu, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa ya 3G au 4G, malalamiko yalikuwa makubwa hadi kodi hiyo ikafutwa mwaka 2022. Lakini kompyuta kumi zenye mfumo uleule, kila moja ikishusha sasisho la megabaiti 500 kimyakimya usiku mmoja, zimekula gigabaiti 5, na asubuhi hakuna wa kulaumiwa.

Suala la pili ni umeme, na hapa ndipo neno nyepesi linapopata maana yake. Huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kituo kidogo cha umeme wa maji cha Hifadhi ya Virunga kilianza kazi mwaka 2013, na hali imeendelea kuboreka katika baadhi ya mitaa ya miji hii. Hata hivyo wengi bado wanategemea paneli za jua, betri na jenereta, na kila wati ina bei yake. Chukua betri ya volti 12 yenye ampia-saa 100. Ndani yake mna wati-saa 1,200, na ikiwa ni ya risasi na asidi, mtu mwenye busara hatumii zaidi ya nusu, yaani 600. Kompyuta ya mezani inayokula wati 80 itaimaliza nusu hiyo kwa saa saba na nusu. Ukiifanya seva, usiku haujaisha nayo imezimika. Kompyuta ya ukubwa wa kiganja kama Raspberry Pi, inayokula kama wati 5, inatumia wati-saa 120 kwa siku nzima, na betri ileile ingeiweka hai siku tano bila jua. Hesabu hii ndiyo inayoamua programu gani ichaguliwe. Seva itakayoishi katika mji huu ni ile inayotosha ndani ya kisanduku kidogo, na programu inayofaa ni ile isiyodai zaidi ya hapo.

Programu mbili hushindania nafasi hiyo. Squid, iliyotoka katika mradi wa Harvest huko Marekani mwaka 1996, ni mzee wa kazi: inahifadhi nakala za kurasa, inaandika ni baiti ngapi kila mashine imeshusha, na inaweza kumpunguzia mtu kasi ili mwenzake apumue. Lakini watengenezaji wake hushauri kutenga takriban megabaiti 14 za kumbukumbu kwa kila gigabaiti ya nakala zinazowekwa diskini, na faili lake la mipangilio ni msitu ambamo mgeni hupotea. Tinyproxy haihifadhi nakala yoyote. Inapokea, inakagua, inapitisha. Walioitengeneza hukadiria kwamba hutumia karibu megabaiti 2 za kumbukumbu, na mipangilio yake inaweza kuandikwa katika mistari kumi na miwili ambayo mwalimu wa sekondari ataisoma na kuielewa yote. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo linaloshinda. Kanuni ambazo watu wote wa ofisi wataishi chini yake zinapaswa kusomeka na watu wote wa ofisi.

Hapa mwenye ujuzi atapinga, na pingamizi lake ni zito kuliko yote nitakayoyajibu. Atasema: proksi isiyohifadhi nakala ni wakala asiye na ghala, na hata yenye kuhifadhi haifai tena, kwa sababu wavuti umefungwa lakiri. Yuko sahihi kuhusu lakiri. Zamani, katika HTTP tupu, proksi ilikuwa kama wakala anayefungua kontena: iliona kila ukurasa, ikaweka nakala, na mtu wa pili alipouomba ukurasa uleule alipewa nakala bila laini kuguswa. Sasa karibu kila tovuti inatumia HTTPS. Kivinjari kinaiambia proksi neno moja, CONNECT, pamoja na jina la tovuti na poti 443. Proksi inafungua njia, na kuanzia hapo mazungumzo yote yamesimbwa. Wakala anasoma jina lililobandikwa ubavuni mwa kontena na anahisi uzito wake. Kilichomo ndani hakioni. Januari 2017 kampuni ya Mozilla ilipima na kukuta kwamba nusu ya kurasa zilizofunguliwa na watumiaji wa Firefox zilikuwa zimepita kwa HTTPS, na tangu hapo kiwango kimepanda tu. Hasara ya mabadiliko haya ilionekana jirani kabisa. Mwaka 2018 Eric Meyer, Mmarekani mwandishi wa vitabu vya utengenezaji wa tovuti, aliandika baada ya kufika shule ya kijijini Uganda iliyotegemea setilaiti: seva yao ya kuhifadhi nakala ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya kazi yake kwa sababu tovuti zilikuwa zimejifunga, na usalama wa wote ukawa umelipwa na wenye laini finyu.

Siwezi kuungana na wanaotaka lakiri ivunjwe. Ipo njia: proksi inatengeneza vyeti vyake bandia, kila kompyuta inalazimishwa kuviamini, na wakala anafungua kila kontena. Kufanya hivyo katika kituo cha afya au ofisi ya shirika ni kuweka nenosiri la benki na barua ya mgonjwa katika kisanduku kimoja ambacho fundi yeyote anaweza kukifungua. Jibu bora ni kutofautisha mizigo. Vipo vitu ambavyo bado husafiri bila usimbaji kwa sababu usalama wake uko katika saini ya kidijitali iliyomo ndani: vifurushi vya Debian na Ubuntu ni mfano. Kwa hivyo programu ndogo iitwayo apt-cacher-ng inaweza kushusha kifurushi mara moja na kukigawa kwa kompyuta zote kumi. Na vitu ambavyo watu watavihitaji tena na tena, visingoje laini hata kidogo. Kiwix, mradi ulioanza mwaka 2007, unaiweka Wikipedia nzima ya Kifaransa katika faili moja. Kadi ya kumbukumbu yenye nafasi ya kutosha ikiwekwa katika kisanduku kilekile cha proksi, wanafunzi wa darasa zima wataisoma bila kulipa mega moja. Ghala basi limehamishwa likawa jirani ya wakala. Kwa hayo mawili, sehemu kubwa ya hasara inarudi, na proksi inabaki na kazi yake nyingine, ile ya mlangoni.

Sasa twende kwenye mipangilio yenyewe, maana hoja yangu iko humo. Kwenye mfumo wa Debian, au ule wa Raspberry Pi uliojengwa juu yake, amri `apt install tinyproxy` inamaliza usakinishaji, na faili la kuhariri ni `/etc/tinyproxy/tinyproxy.conf`. Mstari wa kwanza wa maana ni `Port 8888`, poti ambayo kompyuta za ndani zitaipigia hodi. Wa pili ni `Listen 192.168.10.1`, ikiwa hiyo ndiyo anwani ya kisanduku katika mtandao wa ndani. Wa tatu, `Allow 192.168.10.0/24`, unasema ni nani wanaosikilizwa. Anayesoma haraka atadhani mistari hii ni ya kiufundi tu. Lakini Tinyproxy ina tabia moja inayostahili kuogopwa: ukiondoa kila mstari wa `Allow`, haimkatalii yeyote, inamhudumia kila anayegonga. Mtu aliyefuta mstari huo jioni ili kujaribu jambo, akasahau kuurudisha, ameacha mlango wa ofisi wazi, na wageni wasiojulikana watapita humo wakifanya mambo yao kwa jina lake. Hatari hii ina ushahidi. Mei 2024 ilitangazwa kasoro katika Tinyproxy yenye namba CVE-2023-49606, ambayo ingeweza kumpa mshambulizi nafasi ya kuiangusha programu au hata kuendesha amri zake, na kampuni ya Censys ilipopekua intaneti ilikuta mashine zaidi ya 90,000 zikionyesha Tinyproxy hadharani, zaidi ya nusu zikiwa na toleo bovu. Toleo 1.11.2 liliziba tundu. Aliyeweka `Listen` na `Allow` sawasawa hakuwa amejianika kwa dunia hata kabla ya kusasisha, ingawa kusasisha ni lazima vilevile.

Mstari wa `ConnectPort 443` unaruhusu njia za HTTPS peke yake. Ukiuondoa, proksi itafungua njia kuelekea poti yoyote, hata zile zinazotumiwa kutuma barua taka. `MaxClients 100` unaweka idadi ya miunganisho ya wakati mmoja, na idadi hiyo si ya watu: kivinjari kimoja hufungua miunganisho mingi kwa pamoja, kwa hiyo watu kumi na watano wenye pupa wanaweza kuijaza. `Timeout 600` unakata muunganisho uliokaa sekunde 600 bila kazi. Kuhusu `BasicAuth`, inayodai jina na nenosiri, neno moja linatosha: nenosiri hilo linapita katika mtandao wa ndani bila kusimbwa, basi lisiwe lile mtu analotumia kwingine. Baada ya kuhariri, `systemctl restart tinyproxy`, kisha jaribu kutoka kompyuta nyingine kwa `curl -x http://192.168.10.1:8888 https://sw.wikipedia.org`. Kwenye simu ya Android mpangilio uko ndani ya sifa za Wi-Fi, sehemu ya proksi, kwa mkono.

Moyo wa jambo uko katika mistari mitatu inayofuata. `Filter "/etc/tinyproxy/filter"` unataja faili lenye majina ya tovuti. `FilterType ere`, katika matoleo mapya, unaruhusu majina hayo yaandikwe kwa ruwaza. Na `FilterDefaultDeny Yes` unageuza maana ya faili zima: badala ya orodha ya waliokatazwa inakuwa orodha ya walioruhusiwa, na kila ambacho hakikutajwa kinarudishwa mlangoni. Naitetea njia hii ya pili bila kusita kwa laini inayolipiwa kwa mega. Orodha ya makatazo haina mwisho. Leo umeifunga tovuti moja ya video, kesho zimezuka tatu. Orodha ya ruhusa huandikwa kwa siku chache, na inapotumika, sasisho la usiku, matangazo na video zinazojiwasha vyote vinakosa njia bila mtu kuvikimbiza kimoja kimoja. Inadai uangalifu. Ukiandika `wikipedia\.org$` peke yake umemruhusu pia mjanja aliyesajili jina linaloishia na herufi hizo, andika `(^|\.)wikipedia\.org$`. Na bado makala zitafunguka bila picha, kwa kuwa picha za Wikipedia hukaa wikimedia.org. Karibu kila tovuti ina jamaa zake wa namna hii, na kuwatambua ni kazi ya wiki ya kwanza.

Wengine watasema huu ni udhibiti wa habari uliovishwa nguo ya ubanifu, na kwamba katika nchi ambayo watu wamewahi kuzimiwa sauti, kuongeza mzuiaji mwingine ni kosa. Naliheshimu pingamizi hili. Tofauti ninayoiona iko katika nani aliyeandika orodha na kama inaweza kusomwa. Kontena la kuchangia nalo lina sheria: ukipakia kisichokubaliwa, wenzako watazuiwa Kasindi pamoja nawe, na hakuna anayeiita sheria hiyo uonevu kwa sababu iliwekwa na wachangaji wenyewe. Orodha ya proksi iliyoandikwa na mkurugenzi peke yake, ikafichwa, ni uonevu kweli. Iliyojadiliwa na kubandikwa ukutani ni mkataba. Na tusijidanganye kwamba laini isiyo na orodha iko huru. Ina mtawala wake: yule mwenye simu yenye njaa kuliko zote.

Zaidi ya orodha, kuna daftari la matukio, nalo linahitaji maneno mengi zaidi hapa kuliko lingehitaji Nairobi au Kampala. Tinyproxy ikiachwa kama ilivyo huandika kila muunganisho: mashine ipi, saa ngapi, kwenda tovuti gani. Vitabu vya ufundi husifu jambo hili. Lakini tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na viunga vyake wameishi na mauaji, na kila upande unaopigana huwatafuta wasaliti. Tangu 6 Mei 2021 jimbo la Kivu Kaskazini liko chini ya utawala wa kijeshi wa dharura, ambapo mahakama za kijeshi zilipewa mamlaka hata juu ya raia. Wakati wa Ebola, kuanzia 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, ugonjwa uliowapata watu zaidi ya 3,400 na kuwaua zaidi ya 2,200, wengi wao katika maeneo ya Beni, Butembo na Katwa, orodha za waliokutana na wagonjwa zilikuwa silaha halali ya tiba, na bado baadhi ya familia zilikimbia zisiandikwe. Mahali ambapo jina kwenye karatasi limekuwa na uzito huo, daftari linalosema nani alisoma habari gani saa tatu usiku halipaswi kuwepo bila sababu. Andika `LogLevel Warning`, na miunganisho haitaandikwa. Yatabaki makosa ya programu tu. Ukihitaji kujua mega zinakwenda wapi, hesabu uzito kwa kila mashine kwa kutumia vihesabio vya nftables, kichujio cha mtandao cha Linux, ambavyo hutoa jumla ya baiti bila kutaja tovuti. Sheria ya Kongo ya mambo ya kidijitali ya 13 Machi 2023 ina sehemu nzima ya ulinzi wa taarifa binafsi, lakini ulinzi ulio karibu zaidi ni kutokuwa na cha kukabidhi.

Yabaki mapingamizi mawili mepesi na moja gumu. La kwanza: kila mtu ana simu yenye mega zake. Ni kweli, na mega zake ni zake; proksi inahusu laini ya pamoja. Ila laini hiyo lazima iwe na njia moja ya kutokea, kwa maana programu nyingi za simu hupuuza mpangilio wa proksi na kwenda zao. Kanuni ya nftables inayozuia kila mashine isipokuwa kisanduku kutoka nje ndiyo inayoifanya proksi kuwa mlango. Bila hiyo ni mlango uliosimamishwa katikati ya uwanja usio na ukuta. La pili: setilaiti imekuja, uhaba umekwisha. Mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, iliikataza Starlink mwaka 2024, kisha Mei 2025 ikaipa leseni. Pale ambapo sahani hiyo itafungwa, itakuwa na ada ya mwezi na itachangiwa na watu wengi, na umeme wake utakuwa wa betri ileile. Tangu Goma, makao makuu ya jimbo, iangukie mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 na ofisi za jimbo kuhamia Beni, watu wanaobanana katika laini moja wameongezeka.

Gumu ni hili: proksi haisaidii chochote intaneti inapozimwa. Uchaguzi wa 30 Desemba 2018 ulipofanyika nchini, Beni na Butembo waliambiwa wangoje hadi Machi 2019, na tangu 31 Desemba intaneti ikazimwa nchi nzima kwa takriban siku ishirini, katikati ya Ebola. Januari 2023 WhatsApp iliongeza uwezo wa kupitia proksi za watu wa kujitolea, jambo linalosaidia pale ambapo huduma moja imefungwa na laini bado ipo. Laini yenyewe ikikatwa, wakala hana barabara. Kinachoendelea kufanya kazi siku hizo ishirini ni ghala: Kiwix, mafaili ya masomo, miongozo ya tiba iliyowekwa mapema katika kadi ya kumbukumbu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kisanduku kikinunuliwa, fedha za kadi kubwa zisikatwe ili kupunguza gharama.

Na kabla ya kukiwasha, jambo moja linahitaji kuamuliwa na si la waya wala programu. Faili la `filter` litahitaji kuguswa mara kwa mara: mwalimu ataomba tovuti ya mitihani, muuza kakao ataomba ukurasa wa bei, muuguzi ataomba mwongozo mpya. Watu wawili wawe na nenosiri la kisanduku, mmoja asiwe bosi wa mwingine. Karatasi ikae kando ya ruta, ikiwa na safu tatu: tovuti iliyoombwa, tarehe, na jibu. Mara moja kwa wiki, tuseme Ijumaa kabla ya kufunga, maombi yasomwe mbele ya wote, majina yaliyokubaliwa yaongezwe, yale ambayo hakuna anayeyahitaji tena yafutwe, kisha `systemctl restart tinyproxy`, na karatasi mpya ibandikwe juu ya ile ya zamani.